Helmeti Inamfanya Dereva wa Boda Azembee? Historia ya Swali Letu, Kutoka Busia Mpaka Koboko



Wiki hizi mbili mjadala wetu umekuwa moto. Swali ni moja tu: hela ya akiba tuliyoweka kwa ajili ya wenzetu wanaoendesha boda, tununue helmeti au tufanye kitu kingine? Wengi mlisema helmeti. Lakini kaka mmoja, ambaye mwenyewe ni dereva wa njia ya Arua na Koboko, aliandika hivi: ukimvalisha dereva helmeti umempa ruhusa ya kukimbia, asiye nayo anaogopa, na anayeogopa anafika salama. Wengine mlimcheka. Mimi naona hakustahili kuchekwa, maana swali lake lina historia ndefu. Kuna watu wenye digrii kubwa wamebishana juu ya jambo hilo hilo kwa karibu miaka 50.

Basi leo naleta historia hiyo. Ni ndefu kidogo, soma pole pole. Hela ni yetu na vichwa ni vyetu.

Kazi ilianza na baiskeli

Wote tunajua neno boda boda limetoka kwenye neno la Kiingereza la mpaka. Kazi yenyewe ilianza Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, miaka ya 1960. Kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda kulikuwa na mwendo wa miguu, na mtu mwenye mizigo alichoka. Vijana wakaweka kiti laini nyuma ya baiskeli, wakawa wanaita wateja: boda, boda! Hapo ndo jina likazaliwa.

Huku West Nile kazi hiyo ilipata udongo mzuri wa kuota, kwa sababu sisi tuko katikati ya mipaka. Kutoka Arua mjini ukienda kidogo tu uko Vurra, unaingia Congo. Kutoka Koboko ukienda kidogo uko Oraba, unaingia Sudan Kusini. Wazee wa hapa nao waliwahi kuwa wakimbizi: baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, na wengi walirudi miaka ya 1980. Waliporudi hakukuwa na kazi. Baadhi ya vijana wakaingia kwenye biashara ya petroli ya magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, wakauza kwenye madumu kando ya barabara. Watu wa Arua waliwaita OPEC Boys, na jina hilo linajulikana mpaka leo. Petroli ikawa karibu, na miaka ya 1990 pikipiki zikaanza kuingia kwenye kazi ya baiskeli. Amani ya Sudan iliposainiwa mwaka 2005, biashara ya kwenda Yei na Juba ikafunguka, na piki zikajaa. Ndo maana wenzetu wa Juba mpaka leo wanaiita pikipiki Senke, jina la kampuni ya Kichina.

Kwa nini naanza mbali hivi? Kwa sababu kazi hii ilizaliwa bila helmeti. Ukianguka na baiskeli, mara nyingi unachubuka goti, unajipangusa, unaendelea. Injini ilipokuja, mwendo ukaongezeka mara tatu, mara nne, lakini mazoea yalibaki ya baiskeli: kubeba watu wawili watatu, kupita katikati ya magari, kichwa wazi. Sio kwamba vijana wa boda ni wajinga. Walirithi kazi iliyokuwa haihitaji helmeti, na hakuna siku mtu aliwaita akawaambia kwamba kazi imebadilika.

Helmeti ilitoka hospitalini

Helmeti ya pikipiki nayo ina wazee wake. Mwezi wa tano mwaka 1935, huko Uingereza, mtu maarufu aliyeitwa T. E. Lawrence, yule askari na mwandishi wa vita vya Uarabuni, alikuwa anaendesha pikipiki yake. Akakuta vijana wawili wa baiskeli mbele yake. Alijaribu kuwakwepa, akaruka, akaanguka kichwa. Hakuvaa kitu kichwani. Baada ya siku sita akafa.

Kati ya madaktari walioitwa kumwangalia alikuwepo Hugh Cairns, mtaalamu wa upasuaji wa ubongo. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, jeshi la Uingereza lilitumia pikipiki nyingi kupeleka barua na amri, na watu wakawa wanakufa barabarani bila hata kumuona adui. Mwaka 1941 Cairns aliandika kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendeshaji wa pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa kwa ajali. Katika majeruhi aliowachunguza, saba tu walikuwa wamevaa helmeti. Hao saba wote waliishi. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo jeshi likalazimisha wapanda pikipiki wake kuvaa helmeti.

Angalieni vizuri: Cairns hakusema helmeti inazuia ajali. Alisema ajali ikitokea, kichwa kinabaki na nafasi. Ndani ya helmeti nzuri kuna povu gumu. Ukipiga kichwa chini, povu linabonyea badala ya ubongo wako kutikisika wote kwa ghafla. Ndo maana helmeti iliyokwisha kupigwa sana haifai tena: povu likishabonyea halirudi.

Kaka yetu ana watu wa upande wake

Sasa tufike kwenye hoja ya kaka yetu. Mwaka 1975 mwanauchumi wa Marekani, Sam Peltzman, aliandika kwamba sheria za kuweka mikanda na vifaa vingine kwenye magari hazikupunguza vifo kama watu walivyotegemea. Sababu yake: dereva akijua gari lake liko salama, anakanyaga mafuta zaidi. Faida ya kifaa anaila kwa njia ya mwendo, na anayelipa ni mtu wa miguu.

Mwaka 1982 mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Canada, Gerald Wilde, alienda mbali zaidi. Kwake yeye kila mtu ana kiasi cha hatari anachokubali kukaa nacho. Mfikirie mama anayepika posho: moto ukizidi anatoa kuni moja, ukipungua anaongeza. Dereva naye, ukimpunguzia hatari upande mmoja, ataiongeza upande mwingine mpaka moto urudi pale pale alipouzoea.

Na kuna jaribio lililowapa nguvu. Miaka ya 1980 huko Munich, Ujerumani, kampuni ya teksi ilikuwa na magari ya aina moja. Mengine yalikuwa na breki mpya zinazozuia matairi kujifunga, mengine yalikuwa na breki za kawaida. Watafiti walifuatilia ajali zao, na wakatuma pia watu wapande kama abiria wa kawaida huku wanaandika kimya kimya dereva anaendeshaje. Matokeo: teksi zenye breki nzuri hazikuwa na ajali chache. Madereva wake walikata kona kwa nguvu zaidi na kufunga breki kwa ghafla zaidi. Walipewa usalama, wakautumia kukimbia.

Kwa hiyo kaka yetu hakusema upuuzi. Kitu anachokisema kipo na kimeonekana.

Hata sisi tumekiona

Tena hatuna haja ya kwenda Munich, tuangalie barabara yetu wenyewe. Njia ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba ni kilomita 92. Kabla ya lami ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Dereva wa boda alikuwa anaangalia kila jiwe. Mashimo yenyewe yalikuwa polisi. Kisha miaka ya 2010 lami ikawekwa. Hakuna mtu anayetaka vumbi lirudi, mgonjwa anafika haraka na nyanya hazipondeki. Lakini tuseme ukweli: ni nani aliyebaki na mwendo ule wa vumbi? Barabara ilipokuwa nzuri, mkono wa dereva ulizungusha mafuta wenyewe. Na wenzetu wa Bidi Bidi na Lobule wajiandae, maana njia ya Koboko, Yumbe na Moyo, kilomita 105, Benki ya Dunia iliidhinisha hela za lami yake mwaka 2020.

Mfano mwingine ni upande wa barabara. Uganda tunapita kushoto. Congo wanapita kulia, na Sudan Kusini pia kulia, kwa sababu Sudan ilibadilisha upande mwaka 1973. Kila dereva aliyekimbia kutoka Yei au Ariwara anajua wiki ya kwanza hapa ilivyokuwa. Unaenda pole pole, unajisemea moyoni kushoto, kushoto. Wiki hiyo hupati ajali kirahisi, kwa sababu unaogopa. Hatari inakuja mwezi wa tatu, ukishazoea, halafu asubuhi moja barabara iko tupu na mkono unarudi kwenye upande wa nyumbani.

Jambo hili liliwahi kutokea kwa nchi nzima. Sweden walihamisha magari yote kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 mwezi wa tisa mwaka 1967. Watu waliogopa sana, na ajali zikapungua badala ya kuongezeka. Lakini hofu haikai. Baada ya muda usiozidi miaka michache, ajali zilirudi zilipokuwa.

Basi mpaka hapa kaka yetu anashinda, si ndiyo? Ngojeni kwanza.

Kitu unachokihisi na kitu usichokihisi

Ukipanga mifano hii vizuri, utaona ina kitu kimoja. Breki za Munich, lami ya Koboko, upande wa barabara: vyote hivi dereva anavihisi kila dakika kwenye mikono na kwenye matako. Ukifunga breki, unajua leo imeshika. Ukipita kwenye lami, unajua piki haitikisiki. Mwili unapata habari, na mwili unajibu kwa kukimbia.

Helmeti haiko hivyo. Haiongezi nguvu ya breki. Haifanyi kona iwe rahisi. Haitoi mashimo. Inakaa kimya kichwani siku 300, na kazi yake inaanza siku ile moja tu ukianguka. Tena inalinda kichwa peke yake. Mguu, mkono, mbavu, uso kama helmeti ni ile ya wazi, vyote vinabaki nje vinaogopa kama jana. Ni dereva gani mwenye akili atasema: leo nimevaa helmeti, acha nivunje mguu?

Lakini nisibishe kwa maneno tu. Historia imetupa mtihani mzuri. Mwaka 1966 serikali kuu ya Marekani iliyabana majimbo kwa hela za barabara ili yaweke sheria ya helmeti, na kufikia 1975 karibu majimbo yote yalikuwa nayo. Mwaka 1976 Bunge lao likaondoa hilo shinikizo. Ndani ya miaka michache zaidi ya nusu ya majimbo yakafuta au kulegeza sheria. Sasa fikirini: kama helmeti ndo inayomfanya mtu azembee, watu walipoivua walipaswa kuwa waangalifu, na vifo vipungue. Kilichotokea ni kinyume, vifo vya pikipiki vilipanda.

Vietnam walifanya mtihani upande wa pili. Ni nchi ya pikipiki kama sisi, tena zaidi yetu. Tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2007 walilazimisha helmeti kwa dereva na abiria kwenye barabara zote. Kabla ya hapo karibu watu 40 kati ya 100 walivaa. Baada ya hapo wakawa zaidi ya 90. Katika hospitali 20 zilizofuatiliwa miezi mitatu ya kwanza, majeraha ya kichwa yalipungua kwa asilimia 16 na vifo kwa asilimia 18. Na mwaka 2008 watafiti waliokusanya masomo mengi ya nchi mbali mbali walihesabu kwamba ukipata ajali umevaa helmeti, hatari ya kufa inapungua kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kuna kifaa kingine cha aina hiyo hiyo, taa ya mbele kuwashwa mchana. Malaysia walianza kuwaambia waendeshaji wawashe taa mchana mwaka 1992, na ajali zile za mtu kusema sikumuona zilipungua kwa asilimia 29. Taa ya mchana haikusaidii wewe kuona chochote, jua liko juu. Inamsaidia dereva wa lori akuone wewe. Hakuna kinachokushawishi kukimbia, na faida inabaki.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kaka ni hili: kifaa unachokihisi mkononi kinaweza kukuongezea mwendo. Kifaa kinachongoja siku ya kuanguka hakifanyi hivyo, au kinafanya kidogo sana kiasi kwamba faida yake haimezwi.

Na kwa nini hapa kwetu helmeti inakaa kwenye tangi?

Uganda ina kanuni ya helmeti tangu mwaka 2004. Ni zaidi ya miaka 20. Sasa simama saa moja kwenye steji yoyote ya Arua uhesabu. Nyingine iko kwenye tangi, nyingine imening'inia kwenye usukani, nyingine iko kichwani lakini kamba ya kidevu inapepea, yaani ukianguka itafika chini kabla yako. Abiria ndo kabisa.

Sababu moja naona ni kwamba helmeti hapa ilikuja ikiwa kitu cha polisi, haikuja kama kitu cha kichwa. Mtu anaivaa akikaribia kizuizi, akipita anaivua. Na kuna tukio lililoongeza mambo, ambalo watu wa Arua hawalisahau. Tarehe 8 mwezi wa sita mwaka 2018, Ibrahim Abiriga, mbunge wa Manispaa ya Arua, yule mzee aliyependa nguo za njano, alipigwa risasi akafa karibu na nyumbani kwake Matugga, pamoja na mlinzi wake. Waliofanya hivyo walikuwa kwenye pikipiki. Mwezi huo huo Rais Museveni aliliambia Bunge mipango yake ya usalama, na ndani yake kulikuwa na namba za kielektroniki kwenye vyombo, na helmeti za boda ziwe na namba inayoonekana. Helmeti ikawa habari ya kutafuta wauaji.

Ujerumani walipata kitu kama hicho kwa njia ya ajabu. Mwaka 1980 walianza kutoza faini papo hapo kwa asiyevaa helmeti. Wizi wa pikipiki ukaanguka kutoka karibu 150,000 kwa mwaka hadi karibu 54,000 mwaka 1986. Kwa nini? Mwizi mara nyingi anaiba kwa ghafla, hatembei na helmeti mkononi. Akipanda kichwa wazi, kila mtu anamuona. Kule helmeti ilimfichua mwizi, huku watu waliogopa kwamba inamficha muuaji. Kitu ni kile kile, lakini maana yake inategemea watu wanakitazama vipi. Kama kwetu kinatazamwa kama kitu cha kumridhisha askari, kitavaliwa mbele ya askari tu.

Na huku tukiwa tunabishana, hesabu inaendelea. Ripoti ya polisi ya mwaka 2023 ilikuwa na vifo 4,806 barabarani Uganda nzima. Ya mwaka 2024, vifo 5,144. Watu wa pikipiki, dereva na abiria wake, ndo kundi kubwa zaidi.

Basi ni nini kinachobadilisha mwendo?

Kaka yetu bado ana haki kwenye jambo moja: helmeti haitamfanya mtu aendeshe polepole. Itamlinda akianguka, lakini mwendo utabaki ule ule. Kwa hiyo mwendo unahitaji dawa yake.

Majirani zetu Kenya walijaribu kwa mashine. Mwezi wa pili mwaka 2004, waziri John Michuki alilazimisha kila matatu iwe na mikanda na kifaa cha kuzuia mwendo usipite kilomita 80 kwa saa. Mwanzoni barabara zilitulia, watu wanakumbuka mpaka leo. Lakini kile kifaa kinafungwa na fundi, na kinachofungwa na fundi kinafunguliwa na fundi. Usimamizi ulipolegea, mwendo ukarudi. Hofu haikai, kama tulivyoona Sweden.

Halafu mwaka 2008 walimu wawili wa chuo kikuu cha Georgetown cha Marekani, James Habyarimana na William Jack, wakajaribu kitu cha bei ndogo sana. Walichukua zaidi ya matatu 2,000 za safari ndefu. Kwenye nusu wakabandika stika ndani, zinazowaambia abiria waseme dereva akiendesha vibaya. Basi. Hakuna mashine. Ili dereva asizing'oe, kulikuwa na bahati nasibu ya hela kwa gari ambalo stika zake bado zipo. Madai ya bima ya ajali kwenye magari yenye stika yalipungua kwa nusu au zaidi. Walipofanya tena baadaye na magari mengi zaidi, kupungua kulikuwa kwa robo hadi theluthi, si kama mara ya kwanza, lakini bado ni kitu kikubwa kwa karatasi ya kubandika.

Na wale teksi wa Munich? Kuna sehemu ya hadithi ambayo watu huiacha. Kampuni baadaye iliwaambia madereva kwamba watalipa sehemu ya gharama ya kutengeneza gari, na mwenye ajali nyingi anaweza kufukuzwa. Ajali zikapungua. Breki hazikubadilika. Kilichobadilika ni nani analipa.

Sasa leteni hayo mawili hapa kwetu, sauti na malipo. Abiria wetu nani anasema? Mama amebeba mtoto, anaogopa, lakini ananyamaza kwa sababu hajui Kilugbara vizuri, au dereva ni mtoto wa jirani, au anaogopa kuambiwa shuka. Mkimbizi amezoea kunyamaza kwenye mambo mengi, na hata kwenye piki ananyamaza. Na malipo: vijana wetu wengi piki sio zao. Kuna bosi anayesubiri hesabu yake jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Asubuhi ikipotea, mchana unakimbizwa. Ukimuuliza dereva wa hivyo kwa nini anakimbia, atakuonyesha saa, sio helmeti.

Pendekezo langu

Kwanza, tununue helmeti. Lakini tusinunue nyingi za bei rahisi ambazo ni plastiki tupu. Tununue chache zenye povu la kweli na kamba inayofunga, mbili kwa kila piki, moja ya dereva na moja ya abiria. Kama hela haitoshi kwa wote, tuanze na wale wa njia ndefu ya lami.

Pili, tubandike karatasi kwenye ile helmeti ya abiria, mahali anapoiona kabla ya kuvaa: ukiogopa, sema. Tuiandike kwa Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa, Kiarabu cha Juba na Lingala. Na madereva wetu wakubali mbele ya kikundi kwamba abiria akisema polepole, hakuna kumwambia shuka.

Tatu, wazee wetu wawili waende wazungumze na wenye piki kuhusu siku za mvua, hesabu ipungue siku hizo. Piki iliyoanguka hailipi hesabu hata kidogo, na bosi anajua hivyo kuliko sisi.

Kwa kaka yetu dereva: ningependa wewe uwe wa kwanza kupewa, halafu baada ya miezi mitatu utuambie mwenyewe kama mwendo wako uliongezeka. Tutakuamini.

Jumamosi tunakaa kuamua. Asiyeweza kufika aandike hapa chini. Na kama wewe ni abiria tu, hujawahi kushika usukani, andika wewe kwanza, maana maoni yenu hatujayasikia kabisa kwenye mjadala huu.